Masashe ya Uyoga kwa Dimba ya Mama

Ile boga njo ilinisimamisha. Nilikuwa nimepeleka kanzu za kwaya kwa mama moja wa Area 49, mutaa ya Lilongwe, mwenye kanisa yao ilinipatia kazi ya kushona, na nilikuwa haraka kama siku zote. Akanipigia foni nipitie nyuma ya nyumba, juu mulango ya mbele iko na mbwa. Nikapita nyuma. Na kule nyuma, juu ya lundo moja nyeusi kando ya fensi, kulikuwa boga moja imejipandia yenyewe. Majani yake ilikuwa kama sinia. Ilipanda fensi, ikashuka upande ingine kwa jirani bila kuomba ruhusa. Mwezi wa sita, baridi, Lilongwe yote imekauka rangi ya karatasi ya zamani, na ile kitu iko kijani kabisa.

Nikasahau kanzu. "Mayi, hii umeiwekea nini?" Tulikuwa tunaongea Kichewa, ya kwangu imevunjika kidogo, lakini inatembea.

"Sijaweka kitu. Hizo ni takataka za bowa."

Bowa njo uyoga. Akanifungulia chumba moja ya giza pembeni ya jiko. Ndani kulikuwa unyevu, ukuta inatoka jasho, na toka kwa paa kulining'inia masashe ya plastiki mingi, kila moja nene kama mugongo ya mutoto, imejazwa nyasi ya mahindi yenye alichemsha kwa pipa. Kwa matundu ya sashe uyoga inachungulia, nyeupe, laini, kama masikio. Akanieleza: sashe moja inazaa mara tatu, kisha inachoka. Ikichoka anaikata, anaitupa nyuma. Bantu ya takataka banakataa kuibeba, banasema ni nzito.

"Naweza kubeba mimi?"

"We?" Akaniangalia na kanzu zangu kwa mukono. "Iwe, ukinitolea hii yote, nitakuombea kanisani mbele ya kila mutu."

Sasa niseme juu ya nini roho yangu ilikuwa inaruka vile kwa takataka.

Mama yangu iko na kipande ya shamba kule chini kwa kijito, inje ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. BaMalawi banaita shamba ya vile dimba, fasi yenye maji iko karibu, unalima hata wakati mvua haiko. Si yetu. Ni ya muzee moja wa kijiji, tunamuitaka Agogo, ni kusema babu. Miaka mine mama analima pale, miaka mine tunatoa tu, hatujarudisha kitu kwa udongo juu angre, ni kusema mbolea, hatuna. Mara ya mwisho mahindi ilizaa vigunzi kama kidole gumba. Na kushoto kwetu na kuume kwetu bantu ya matofali bamekwisha kuingia. Banachimba udongo, banaufinyanga, banapanga matofali yao kama nyumba bila mulango, banachoma. Fasi yenye walishachimba inabakia shimo ya vyura. Hakuna kulima tena pale, hata mutoto wa mutoto wako.

Muzungumuzo Agogo aliyofanya na mama ilikuwa fupi. Alikuwa anaenda Kasungu kwa binti yake, wiki tatu. Akasema, "Amayi, wa matofali wamekuja kwangu mara mbili. Nikirudi nikute kitu kwa hii shamba. Nikikuta hakuna, nawapatia."

Mama yangu alizaliwa Fizi, kule Kongo, ameshika jembe mbele ashike kijiko. Vita imemunyanganya vyote, na ile dimba njo kitu moja yenye inamufanya aamuke asubui akiimba. Siku zenye hashuke kwa kijito anakaa kwa mulango, mikono kwa magoti, unamuuliza kitu anajibu kisha dakika tano. Mi nimemaliza sekondari hapa kambini, niko na cherehani, niko na foni, niko na mambo mingi kwa kichwa. Yeye iko na ile shamba. Kwa hiyo pale Area 49, mbele ya ile boga, nilihesabu wiki tatu kwa vidole na nikaona kabisa vile itakuwa.

Kulikuwa malundo mbili. Ile ya boga, nyeusi, imelegea kama unga, ilihitaji kitiyo ya kuchotea na magunia, na mi sikuwa na kitiyo wala gunia. Ingine ilikuwa karibu na mulango, ya wiki ile ile, ingali ndani ya masashe yake, imefungwa vizuri, tayari kubebwa. Unafikiri nilichukua gani? Nikapigia dereva moja wa Bukavu mwenye analetaka vitunguu kambini. Alikuwa karibu, Kauma, anapakia. Akasema atapita, lakini ananipatia dakika kumi tu.

Wakati tunapakia, mwenye nyumba alikuja akasema kitu juu ya zile masashe, ziache zilale kwanza. Nikamujibu ndiyo, ndiyo, zikomo kwambiri, asante sana. Nilikuwa na sashe mbili kwapani na ingine kwa meno.

"Dada, unanipakiza nini hii?" dereva akauliza.

"Angre."

"Angre iko na mvi?" Sababu ndani ya plastiki nyasi yote ilikuwa imeshikana na nyuzi nyeupe za uyoga.

"Imezeeka na akili. Tuende."

Nyumbani mama alipasua sashe moja, akaingiza pua yake yote. Akakaa vile. Nikangoja aseme iko inanuka, nilikuwa na majibu tayari.

"Hii ni harufu ya pori ya kwetu kisha mvua," akasema. Kisha akaniangalia. "Umeiba fasi gani?"

Asubui tukachukua kabaza tatu, zile baiskeli za kubeba bantu, zikashusha masashe yote mpaka kwa kijito kwa mizunguko mingi. Tulikata plastiki, tukapanga vile vipande kwa shamba yote kama mikate mikubwa, tukavivunja na mikono. Nikamwaga maji ya kisima, ndoo kwa ndoo, mpaka mabega ikakataa. Mi nilitaka kuchimba siku ile ile, nipande lengalenga. Lengalenga haichelewi, wiki tatu unachuma majani. Lakini jua lilikuwa linaingia na mama akasema mugongo yake si ya chuma. Kesho yake Siku ya Mungu. Kesho kutwa ilikuwa foleni ya chakula. Siku ya tatu mvua ndogo ya baridi, ile baMalawi banaita chiperoni, ikatufungia ndani ya nyumba, na mi nilikuwa natembea kati ya kitanda na mulango mpaka mama akanipatia maharagi nichambue.

Siku ya ine tukashuka. Uyoga ilikuwa imetoka.

Haikuwa moja mbili. Shamba yote, kila kipande ya nyasi, mashada, juu ya mashada, nyeupe, zingine kijivu kama njiwa, na matone ya maji juu yake. Kule nyuma matofali nyekundu, kule mbele shimo, na katikati shamba ya mama yangu imejaa masikio. Nilitupa ndoo. Nilianza kupiga picha, nilianza kuchuma, nilianza kusema, vyote pamoja. Tukule, tugawe, tuanike, kisha tuchimbe, tupande, hata leo, mama, hata sasa.

Mama alikuwa ameweka jembe chini.

"Tuchume, kisha tuchimbe," nikarudilia.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Uyoga ikitoka kwa shamba yenye si yako, jembe inasimama. Ile ya kwanza inakuliwaka na mwenye udongo. Akishakula, njo unachimba. Kwetu njo vile, na mama yangu alifanya vile, na baba yake."

"Mwenye udongo iko Kasungu."

"Basi itamungoja."

"Mama. Tukimungoja akule, atakuta shamba haina kitu, na atapatia bantu ya matofali. Ulisikia vile alisema."

"Nilisikia. Mi njo nilikuwa mbele yake. We ulikuwa kwa foni."

"Na hii uyoga si ya hapa hata. Imetoka Area 49, kwa sashe, na gari ya vitunguu."

Mama akanyoosha kidole chini kwa mguu yake. "Mi naiona inatoka hapa."

Tulibishana mpaka jirani moja, mama wa Uvira mwenye dimba yake iko mbele kidogo, akasimama kusikiliza bila haya. "Mama, siku hizi unapanda masikio?"

"Napanda," mama akajibu. "Mutoto wangu za kwake hazifanye kazi."

Mwisho mama akapiga mustari kwa udongo na kisigino, toka kisima mpaka kwa kijito. "Upande hii ni yangu. Ile ni yako. Ya kwako ufanye na kichwa yako." Hakukasirika kwa sauti. Alivua kitenge ya juu, akaanza kuchuma ile ya upande yake, moja moja, anaipasua na vidole, anaipanga ndani ya kitenge.

Na mi nikachimba. Nilichimba nyasi, uyoga, nyuzi nyeupe, vyote nikageuza chini, masaa mbili bila kuinua kichwa. Nikapanda lengalenga nzito kama mutu anatia chumvi kwa samaki. Uyoga ya mama ilipitishwa kwa uzi, ikaning'inizwa kwa ukuta ya jikoni, inakauka kumungojea mutu wa Kasungu. Kila nikipita pale kichwa yangu inagusa ile uzi, na mama anasema tu, "Polepole na chakula ya mwenyewe."

Kisha siku ine, lengalenga yangu ikatoka. Mistari mizuri, ndogo, nyekundu kwa shina. Nilikuwa nashuka kila asubui mbele ya kunawa. Nilimuonyesha mama picha kwa foni, nikiweka kidole upande ya kwangu, kisha upande ya kwake yenye ilikuwa nyasi tu imelala. Aliangalia, akanirudishia foni. Akapanga uyoga ya mara ya pili kwa uzi ingine.

Kisha wiki moja lengalenga ikasimama. Ukubwa ya kucha, haiongezeke. Kisha ikaanza njano. Kwanza pembeni, kisha yote, ile njano ya mutu mwenye malaria. Nikaongeza maji. Ikazidi. Nikatoa magugu hata yenye haikuwa magugu. Wiki mbili zilikuwa zimeisha. Nilikaa kwa ukingo ya shimo ya matofali, nikapigia yule mama wa Area 49.

"Ulibeba lundo gani?" akauliza.

"Ile ya kwa masashe."

Akarudilia, "Ya masashe." Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mwana wanga, ile bado inakula. Uyoga haikushiba ile nyasi. Umeiweka kwa sahani moja na mboga yako, sasa inanyanganya mboga chakula. Sikukuambia iache ilale? Ile yenye boga ililala mwaka muzima."

Kumbe hii kitu niliijua. Kwa sekondari walitufundisha vile nyasi kavu ikianza kuoza inavuta nguvu ya udongo, na nilijibu hiyo kwa ekzame na nikapata vizuri. Niliijua kwa kalamu. Kwa jembe sikuijua.

"Nifanye nini?"

"Tafuta mavi ya mbuzi, lowesha kwa maji, mwagilia. Na uache haraka."

Ile ya kwanza nilifanya. Nilizunguka kambi yote na kopo nyuma ya mbuzi za bantu, batoto wananifuata wanauliza kama nimepoteza pete. Nikalowesha, nikamwagilia, mikono inanuka hata kisha sabuni. Nilikuwa nimebakiza wiki moja. Nikajiambia wiki moja inatosha kuondoa njano.

Agogo alirudi siku tano mbele ya siku yake.

Tuliwaona wanashuka kwa njia ya kijito, yeye na mutu wa matofali. Yule alikuwa na kamba imezungushiwa kwa kijiti, kamba ya kupima.  Niliangalia shamba na macho ya mutu mugeni: upande ya kwangu njano fupi, upande ya mama hakuna hata muche moja, nyasi imezama, na uyoga chache za mwisho zimejikunja.

"Agogo, hapa si shamba," mutu wa matofali akasema. "Hapa ni hospitali."

Mama alipiga magoti kidogo vile banawake ba huku banasalimiaka, akauliza safari, akauliza binti, akauliza bajukuu. Kisha akanigeukia na sauti ya kawaida kabisa: "Kimbia ulete ile ya ukutani. Na sufuria, na unga, na karanga ya kutwanga."

Nilikimbia. Sijakimbia vile hata siku ya michezo ya shule. Niliporudi mama alikuwa ameshapanga mafiga tatu, na alikuwa ameomba kuni kwa mutu wa matofali, kutoka tanuru yake mwenyewe, na yule amempatia. Mpaka leo sijui alimuomba namna gani.

Kungoja ile sufuria ichemke, hapo njo nilishindwa. "Agogo," nikasema, "ile njano ni mi. Si mama. Mi njo nilichimba mbele ya wakati, na nilibeba lundo yenye haikukomaa, na niliambiwa sikusikia."

Akaangalia njano, akaangalia mi. "Na ile ya mama yako imekosa nini? Yenyewe haina hata njano."

Nikaangalia mama. Mama alikuwa anakoroga.

"Ilikuwa inakungoja," mama akasema.

"Mimi?"

"Uyoga ilitoka kwa udongo yako. Kwetu jembe haigusi mpaka mwenyewe akule ya kwanza. We ulikuwa Kasungu."

Agogo akakaa juu ya ndoo yangu. "Wiki moja na zaidi," akasema, "shamba yote inangoja mudomo yangu?"

"Njo vile."

"Na unajua nilikuja kuifunga."

"Najua. Lakini kula kwanza."

Akakula. Uyoga kwa karanga, na nsima, ugali ya huku, yenye moshi. Alikula polepole, meno yake si mingi. Mutu wa matofali alisema ameshiba, kisha akakula mara mbili.  Mi nilikuwa naangalia mikono ya Agogo, inaenda kwa sahani, inarudi kwa mudomo, kama iko inaandika kitu.

Mutu wa matofali akamaliza, akapangusa vidole kwa suruali, akaingia upande ya mama. Akachota udongo, akatema mate kidogo, akafinya kwa ngumi, akafungua. Njo vile banapimaka: udongo ya matofali inabakia na alama ya vidole. Hii ilivunjika. Ikaanguka kati ya vidole yake kama makombo ya mukate, na vipande ya nyasi. Akachota fasi ingine. Ikaanguka. Akavuka kwa shimo ya jirani, akafinya ile, ikashikana kama yai.

"Bameiharibu," akasema. "Lakini si kitu, Agogo. Tutaondoa hii ya juu, kiasi ya mikono mbili, tutupe. Chini iko safi."

Agogo aliamuka kwa ndoo. Akainama pale pale mama alisimamisha jembe yake siku ile, akachota, akanusa. Akaivunja na kidole gumba. Kulikuwa nyungunyungu ndani, nene, ikajipinda kwa kiganja yake, akaiacha itembee.

"Utatupa?"

"Ya juu tu."

"Tangu baba yangu anipatie hii fasi," Agogo akasema, "kila mutu anayeingia hapa anatoka na kitu. Mahindi, miwa, mchanga, matofali. Hawa wameleta udongo na gari kutoka Lilongwe. Wakimbizi. Wakaiweka kwa shamba yangu, wakaningoja nikule." Akarudisha udongo chini na mikono yote mbili. "Funga kamba yako. Nenda uone ile ya ndugu yangu kule kwa daraja, yake ni udongo ya kufinyanga tu, itakufaa."

Mutu wa matofali hakugomba. Alizungusha kamba kwa kijiti, akauliza mama kama uyoga ingine iko.

"Amayi," Agogo akasema, "lima mpaka mvua. Mvua ikija tutaongea ya mahindi. Na zile masashe, nataka za vitunguu yangu. Nitapata lini?"

"Kesho," nikasema.

"Mwaka kesho," mama akasema.

Agogo akatuangalia, huyu, kisha huyu. "Nitamusikia mukubwa," akasema, akapanda njia yake na fimbo.

Mama alibakia amesimama, mikono yake kwa kiuno. Alikuwa anaangalia shamba toka kisima mpaka kwa kijito kama mutu anaangalia nyumba yenye bamemurudishia funguo.  Alifungua fundo ya kitenge, mule alikuwa ameficha mbegu ya lengalenga wiki zote zile, ingali kavu, akanimiminia kwa kiganja.

"Amekula," akasema. "Anza upande ya kisima."

Udongo ya upande yake, yenye uyoga ilishashiba, iliingia jembe kama maji. Nilichimba mustari ya kwanza nikafikia mwisho mbele yeye amalize kukunja kitenge, na mustari ya pili, na kule nyuma nikamusikia ameanza kuimba.